Mguu wa mshoni na hesabu ya fidia

Ajali ya gari inapotokea hapa Pemba, suala la kwanza ambalo watu huuliza ni kama kuna aliyefariki, na jawabu ikiwa ni hapana, wengi hushusha pumzi, humshukuru Mwenyezi Mungu na kuona kwamba jambo limekwisha. Aliyevunjika mguu huletewa uji na matunda, huombewa dua, na huambiwa ashukuru kuwa ni mguu tu. Nami niliambiwa hivyo, na nilishukuru kwa moyo, lakini mimi ni mshoni, na cherehani ninayoshonea ni ya kukanyaga kwa miguu. Kwa mtu wa kazi yangu, mguu ndio unaoleta riziki, na ilinichukua muda mrefu, mbele ya watu wengi, kulieleza jambo hilo dogo mpaka likakubalika kwenye karatasi.

Ajali yenyewe haina maelezo mengi. Nilikuwa abiria katika daladala ya njia namba 606, nikirudi Wete kutoka Chake Chake na mzigo wa vitambaa, na dereva akataka kulipita lori kwenye kona. Akatokea mwenziwe kwa mbele, akakwepa, gari ikaacha barabara na kulala ubavu mtaroni. Nilivunjika mfupa wa paja la kulia. Nilipokewa Hospitali ya Chake Chake, na baadaye nikafanyiwa upasuaji wa kuungwa mfupa kwa chuma katika Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani.

Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa skuli na ana tabia ya kusoma kila karatasi mpaka nukta ya mwisho, ndiye aliyeshughulikia fomu ya polisi, ile PF3. Fomu hii hutolewa na polisi, daktari huijaza akieleza jeraha ni la aina gani, kisha hurejeshwa polisi na kuwa sehemu ya jalada la ajali. Katika pilikapilika za siku ile ilikuwa imeandikwa kwa ufupi kwamba nimeumia mguu. Mdogo wangu alimsubiri daktari mpaka akapata nafasi, akamwomba kwa adabu aandike ni mguu upi, ni mfupa gani, na kwamba umevunjika, na daktari akafanya hivyo bila ya ugumu wowote. Alitoa nakala kabla ya kuirejesha. Mtu anayeandika fomu hiyo anafikiria kumtibu mgonjwa aliye mbele yake, wala hana sababu ya kufikiria madai yatakayokuja baadaye, kwa hiyo ni juu ya jamaa wa mgonjwa kufikiria kwa niaba yake.

Gari zetu za abiria hazina tiketi. Utingo hupokea nauli mkononi, na hakuna kinachobaki kuonyesha kwamba fulani alikuwamo. Kilichothibitisha kwamba nilikuwa abiria ni orodha ya majeruhi ambayo askari wa usalama barabarani aliiandika pale hospitali. Nalitaja hili kwa sababu ya abiria mwenzangu, kijana mchumaji wa karafuu, ambaye aliumia bega na akaona aibu kukaa hospitali ilhali wengine wanavuja damu. Aliondoka akaenda kwa mganga wa viungo kijijini kwao. Jina lake halikuwamo katika orodha, na alipokuja kudai ilimbidi kwanza awatafute abiria waliokaa naye kiti kimoja ili waseme kwamba walimwona.

Dereva alifikishwa mahakamani kwa kosa la uendeshaji wa hatari, akakiri, akatozwa faini na kurudi kwao. Hapo ndipo mtaani ilipoenea habari kwamba kesi imekwisha na dereva ameshalipa. Ni kweli alilipa, lakini alichokilipa kiliingia Serikalini. Kesi ile ilikuwa baina ya Serikali na dereva kwa kuvunja sheria ya barabarani, na sisi tulioumia hatukuwa wadai ndani yake, bali mashahidi. Madai ya fidia ni shauri jengine, la madai, na hufunguliwa na aliyeumia mwenyewe. Hata hivyo kesi ile ya jinai ina manufaa makubwa kwa mdai. Mdogo wangu aliomba nakala zilizothibitishwa kwa muhuri za hati ya mashtaka na hukumu, akazipata, na zikawa miongoni mwa vielelezo vyetu pamoja na mchoro wa eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Dereva aliyekwishakiri kosa katika mahakama moja hana la kusema sana katika nyengine.

Jambo gumu zaidi halikuwa la kisheria. Mwenye gari ni mtu ambaye familia yetu imeoleana na yao, na sikuwahi hata kuanza kutembea kwa magongo pale walipokuja nyumbani wazee wao wakifuatana na sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa wetu, wakaleta bahasha na karatasi. Wageni kama hao hawarudishwi mlangoni. Walizungumza vizuri, wakaeleza kwamba yaliyotokea ni kudra ya Mungu, na wakaomba mambo yaishe kiungwana. Ile karatasi ilisema kwamba nimepokea fidia kamili, nimesamehe, na sitadai tena kwa njia yoyote. Mjomba wangu, aliyekuwa karani wa bandari kabla ya kustaafu, aliisoma polepole, kisha akasema, "Bwana, fedha ya matibabu tunaipokea kwa shukrani, na tutaandika hapa hapa kwamba ni ya matibabu. Karatasi hii tuachieni, mtoto bado yumo kitandani." Akaongeza maneno ambayo naamini ndiyo yaliyookoa udugu wetu: "Wala hatukudai wewe. Gari yako ina bima, na bima hiyo unailipia kila mwaka kwa ajili ya siku kama hii."

Watu wengi wa kwetu hudhani kwamba bima ndogo, ile ambayo kila gari inalazimika kuwa nayo kabla ya kuingia barabarani, ni stika ya kumwonyesha askari tu. Ukweli ni kwamba bima hiyo haimlipi mwenye gari hata bodi lililopondeka. Kazi yake ni kubeba dhima ya madhara anayowasababishia wengine. Mwenye gari alipofahamu kuwa lengo letu si kumuuzia shamba lake, muhali ulipungua pande zote mbili, na ni yeye mwenyewe aliyetupatia nakala ya hati ya bima. Wasiobahatika kupata mwenye gari muungwana wanaweza kuhakiki stika kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na kujua ni kampuni gani na kama ilikuwa hai siku ya ajali.

Kuhusu kudra, nilikuwa na wasiwasi wa nafsi yangu, kwa sababu bibi mmoja jirani aliniambia kuwa anayedai fedha ya mguu wake ni kama anayemlaumu Muumba. Nilimuuliza imamu wa msikiti wetu. Aliniambia kwamba sheria ya dini yenyewe imeweka diya, yaani malipo ya fidia, kwa viungo vya mwanadamu, na kwamba kuamini kudra hakumwondolei mtu dhima ya alichokivunja. Sikulizungumza tena suala hilo na jirani yangu, kwani si kila mjadala una haja ya mshindi.

Wakili tulimpata kupitia msaidizi wa sheria wa eneo letu. Visiwani msaada wa kisheria si jambo geni. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianzishwa mwaka 1992, na tangu mwaka 2018 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya mwaka huo. Mtu asiye na uwezo hana sababu ya kukata tamaa kabla ya kuuliza. Wakili wetu aliandika makubaliano ya malipo yake siku ile ile, akayaeleza kwa sauti, na mjomba akayasoma tena. Suala lake la kwanza lilinishangaza: kadi ya gari ina jina la nani? Kumbe ilikuwa bado na jina la mtu aliyeiuza zamani. Ununuzi wa kupeana mkono na kuacha kadi kama ilivyo ni jambo la kawaida mno, na siku ya ajali kila mmoja humnyooshea kidole mwenziwe. Wakili aliwashitaki wote, dereva, mwenye jina katika kadi na mmiliki halisi, na akaiarifu kampuni ya bima kwa maandishi, kwa barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri, ili baadaye isije ikasema kwamba haikuwa na habari.

Alituonya pia juu ya muda. Binamu yetu anayeishi Dar es Salaam alikuwa akitupigia simu na kututuliza kwamba tusiwe na haraka, kwa kuwa sheria inatoa miaka kadhaa. Alichokuwa akikisoma ni sheria ya Bara. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, na ina sheria zake za mwenendo wa madai na za ukomo wa muda, na mifumo miwili hiyo hukutana juu tu, katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Aliyeumia Pemba asihesabu siku zake kwa kalenda ya jamaa wa Dar es Salaam. Amuulize wakili wa hapa, na amuulize mapema.

Shauri letu lilifunguliwa Mahakama ya Mkoa, Wete, na hapo ndipo nilipojifunza namna fidia inavyohesabiwa. Zipo hasara mahususi, yaani fedha zilizokwishatoka mfukoni au zilizokosekana kwa kiasi kinachohesabika, na zipo fidia za jumla kwa maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, ambazo kiwango chake huamuliwa na hakimu. Za mwanzo zina sharti kali. Mahakama ya Rufani ilikwishasema katika kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, iliyomo katika taarifa za sheria za Tanzania za mwaka 1992, kwamba hasara mahususi lazima zitajwe waziwazi katika hati ya madai na zithibitishwe. Kwa hiyo dawa tulizonunua nje, picha za eksirei, nauli za kwenda Mkoani na gari ya kukodi, kila kilichokuwa na risiti kiliingia. Mganga wa viungo ambaye bi mkubwa alisisitiza anikande baada ya upasuaji hakutoa risiti, na wakili alimwacha nje bila ya kuona haya. Alisema ni bora kudai kidogo chenye ushahidi kuliko kuchanganya, kwa sababu kitu kimoja kisichothibitika huwafanya watu wavitilie shaka na vyengine.

Kisha tukafika kwenye kipato. Mtumishi wa Serikali hutoa hati ya mshahara na jambo likaisha. Mimi sina hati hiyo, na wakili wa upande wa pili alisema, kwa lugha ya upole, kwamba mshoni hufanya kazi kwa mikono na mikono yangu ni mizima. Nilikasirika, lakini sasa nadhani alifanya kazi yake vizuri, maana alitulazimisha kueleza tulichokuwa tukikidhani kuwa ni dhahiri. Wakili wangu alimwandikia daktari barua ndefu akieleza namna cherehani ya miguu inavyotumika: kwamba kanyagio husukumwa mfululizo, kwamba goti hukunjwa na kukunjuliwa muda wote, kwamba mshoni hukaa hivyo kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na zaidi ya hapo sikukuu inapokaribia. Ripoti ya mwanzo ilikuwa imesema tu kwamba mfupa umeunga na goti halikunjiki kikamilifu. Ripoti ya pili, baada ya barua ile, ilisema goti linakunjika kwa kiasi gani, kwamba siwezi kukanyaga kwa muda mrefu bila ya maumivu, na ikataja asilimia ya ulemavu wa kudumu. Daktari alikuwa yule yule na mguu ulikuwa ule ule, lakini safari hii alijua anaulizwa nini.

Kuhusu kiasi cha kipato, kilichotuokoa ni daftari la vipimo. Kila mshoni analo: jina la mteja, urefu wa bega, mkono, kiuno, kitambaa alicholeta, bei iliyokubaliwa, kilichotangulizwa na kilichobaki. Sikuliweka kwa ajili ya mahakama, nililiweka kwa sababu wateja husahau kwamba hawajamaliza kulipa. Wakili alilichukua kama mtu aliyeokota dhahabu, lakini hakunikubalia nichague mwezi wa Ramadhani, ambao kazi za Idi hunifanya nisilale, nikauita kipato changu cha kawaida. Tulijumlisha mwaka mzima, pamoja na miezi ambayo watu hawana fedha na cherehani hufunikwa kitambaa, pamoja na msimu wa sare za skuli, tukatoa gharama za uzi, vifungo na sindano, tukapata wastani. Kiasi kilikuwa kidogo kuliko nilivyotaraji, na ndiyo sababu kilisimama. Wateja wawili walikuja kuthibitisha maandishi yanayowahusu, na sheha akaandika barua kwamba kazi yangu inajulikana katika shehia.

Upande wa pili ulikuwa na hoja moja zaidi, na hiyo niliiheshimu: kwamba cherehani inaweza kufungwa mota ya umeme, kikanyagio chake ni chepesi, na naweza kukitumia kwa mguu wa kushoto. Mtu aliyeumizwa ana wajibu wa kupunguza hasara yake pale inapowezekana. Badala ya kuikataa, wakili wetu aliikubali na kuigeuza. Alidai bei ya mota na ufungaji wake, alidai kipato cha kipindi chote nilichokuwa siwezi kushona kabisa, na kwa miaka ya mbele akadai upungufu wa kazi peke yake, bila ya kudai kipato chote. Hesabu ilikuwa ndogo zaidi ya ile ya mwanzo, na hakuna aliyepata pa kuishika.

Yule kijana mchumaji alikuwa na mtihani mzito zaidi. Karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na muuzaji hupewa stakabadhi, kwa hiyo mtu angedhani ushahidi upo. Lakini stakabadhi hubeba jina la mwenye shamba. Mchumaji hulipwa na mwenye shamba, fedha mkononi, kwa pishi alizochuma. Tena karafuu hazina mwaka mmoja wa kupimia, kwani huja mwaka wa mavuno makubwa ukafuatwa na mwaka ambao mikarafuu imebeba majani tu, na bega lililotoka mahali pake halimruhusu mtu kupanda mkarafuu, uwe umezaa au haukuzaa. Nilimshauri amtafute mwenye shamba, kwa kuwa wenye mashamba nao huweka daftari la pishi, na wao pia hawakuliweka kwa ajili ya mahakama.

Palikuwa na jambo moja ambalo sheria na udaktari havikupatana. Daktari alitaka mguu upone kabisa kabla ya kutaja ulemavu wa kudumu, na muda wa kufungua shauri haukuwa ukimsubiri daktari. Wakili alifungua mapema, na tathmini ya mwisho ikaja baadaye. Nawaona watu wakichelewa kwa kusema kwamba bado wanatibiwa. Matibabu na shauri vinaweza kwenda pamoja.

Baada ya ushahidi wangu na wa daktari, kampuni ya bima iliomba suluhu. Kiasi tulichokubaliana sikitaji, kwa sababu mtaani petu kila fedha inayotajwa huongezeka kabla ya magharibi. Kilikuwa chini ya tulichodai na juu sana ya bahasha ya mwanzo, na nilikikubali kwa kuwa hukumu ingeweza kukatiwa rufaa na mimi nilihitaji kushona. Makubaliano yaliandikwa na kusajiliwa mahakamani ili yawe na nguvu kama hukumu, tofauti na ahadi za sebuleni.

Kabla ya malipo ililetwa hati ya kusaini, na ndani yake kulikuwa na maneno kwamba nimeacha madai yote ya sasa na ya baadaye. Daktari alikwishaandika kwamba huenda chuma kilichomo mguuni kikahitaji kutolewa. Wakili alikataa nisaini mpaka gharama ya upasuaji huo ilipoandikwa katika mstari wake peke yake na kujumlishwa. Mabishano juu ya mstari huo yalichelewesha malipo, na mjomba, ambaye kwa kawaida ni mtu wa subira, alianza kunung'unika, lakini mstari uliandikwa, na fedha zikaingia katika akaunti yangu. Mota imefungwa na nashonea mguu wa kushoto, ingawa pindo za mabuibui bado zinanitoka zimepinda nikiharakisha. Shauri la mchumaji halijamalizika. Mwenye shamba ameshatoa ushahidi, daftari lake la pishi limepokewa kuwa kielelezo, na sasa anayesubiriwa ni daktari aje aeleze habari ya bega.